Siku Nne Bila Njia: Mwongozo Kamili wa Kutembea Nyikani Denali, Alaska

Aliyepanda Kilimanjaro anajua raha ya kuamshwa alfajiri na mtu mwenye kikombe cha chai mlangoni pa hema. Mwongozaji yuko mbele, wagumu, yaani wapagazi, wamekupita zamani na mizigo kichwani, na njia imekanyagwa na maelfu waliokutangulia. Denali haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni hifadhi ya taifa ya karibu kilomita za mraba 24,500 katikati ya Alaska. Serengeti ingeingia humo na nafasi ikabaki. Ina barabara moja tu ya kilomita 148, sehemu kubwa ni ya changarawe. Ukishaiacha barabara hiyo, kwa sehemu kubwa ya hifadhi hakuna njia, hakuna alama, hakuna daraja, hakuna kibanda.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye afya njema, anayeweza kubeba begi la kilo 18 siku nzima, na anayetaka kulala nyikani siku tatu au nne akiwa na mwenzake mmoja au wawili. Peke yako usiende safari ya kwanza. Kila ninapoongea na watu wa nyumbani kuhusu Denali swali la kwanza huwa dubu, na dubu nitamweleza kwa kirefu. Lakini Alaska maji ya baridi huua watu wengi zaidi ya dubu, kwa mbali sana. Kama huna muda wa kusoma yote, soma sehemu ya mto.

Chagua wakati

Mabasi ya hifadhi hutembea kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi katikati ya Septemba, na huo ndio msimu wako. Juni jua halizami kwa zaidi ya saa 20, unaweza kupika usiku wa manane bila tochi. Ila Juni na Julai ni miezi ya mbu. Hawaambukizi malaria, jambo linalomfariji mtu wa kwetu kwa dakika tano za kwanza tu, kwa maana wanakuja kama wingu na wanaingia mdomoni ukizungumza. Nunua chandarua cha kichwa. Ni chepesi kuliko soksi.

Mimi napenda nusu ya pili ya Agosti. Mbu wamepungua, tundra, yaani uwanda wa baridi usio na miti, inageuka nyekundu na njano, na giza limerudi kiasi cha mtu kulala. Gharama yake ni mvua nyingi, usiku unaokaribia kuganda, na dubu walioshughulika na matunda bondeni. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote, hata Julai, kwa hiyo fungasha ukijua hivyo.

Nguo na vifaa

Kanuni ya kwanza: pamba ibaki nyumbani. Suruali ya jinzi au fulana ya pamba ikilowa inakunyonya joto na haikauki. Chukua sufu au vitambaa vya sintetiki ngozini, sweta zito la juu, na koti na suruali ya mvua isiyopitisha maji kweli. Pima koti lako bafuni kabla ya kusafiri: simama chini ya maji dakika kumi. Langu la kwanza lilivuja mabegani, na nililijua hilo kilomita sita kutoka barabarani.

Weka seti moja kamili ya nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na mfuko wa kulalia. Seti hiyo ni ya kulalia tu. Asubuhi utavaa tena zile zilizolowa, na itauma, lakini usiku ukifika utakuwa na kitu kikavu.

Vitu viwili huwezi kuvileta kwa ndege, si begi la mkononi wala la chini: spreyi ya pilipili ya kujikinga na dubu, na mitungi ya gesi ya jiko. Vinunue Anchorage baada ya kutua. Kutoka hapo hadi hifadhini ni karibu kilomita 380, kwa basi au kwa treni. Moto wa kuni hauruhusiwi nyikani Denali, kwa hiyo jiko la gesi ni la lazima.

Mengine: ramani ya karatasi na dira, fimbo mbili za kutembelea, kichujio cha maji, na kifaa cha setilaiti chenye kitufe cha kuomba msaada. Mtandao wa simu hufa kilomita chache tu baada ya lango. Hata ukibonyeza kitufe hicho, hali ya hewa mbaya inaweza kuizuia helikopta kwa siku nzima au zaidi. Fungasha chakula cha siku moja ya ziada kwa sababu hiyo.

Kibali

Kibali cha kulala nyikani ni cha bure na hutolewa ana kwa ana hifadhini. Nyika imegawanywa katika maeneo 87, na katika maeneo kadhaa idadi ya watu kwa kila usiku ina kikomo. Nenda ukiwa na chaguo tatu, si moja. Askari wa hifadhi watakuonyesha video ya usalama, watakuuliza uzoefu wako, na watakuambia hali ya mito wiki hiyo. Waulize swali hili moja kwa moja: ni mto gani utanizuia kurudi? Wanajua, na wanapenda kuulizwa.

Hapo hapo utaazimwa pipa la chakula lisilofunguka kwa dubu, la plastiki ngumu, zito zaidi ya kilo moja. Kila chenye harufu kinaingia humo: chakula, dawa ya meno, sabuni, mafuta ya midomo, takataka. Jaribu kulifunga na kulifungua mbele yao, maana vidole vikiwa na baridi vifungo vyake ni vigumu.

Magari binafsi huishia kilomita 24 tu kutoka mwanzo wa barabara, mtoni Savage. Mbele ya hapo utapanda basi la wapiga kambi. Tangu Agosti 2021 barabara imekatika karibu na maili ya 45, mahali paitwapo Pretty Rocks, ambako mlima wenyewe unaporomoka kwa sababu barafu iliyo chini ya udongo inayeyuka. Daraja limekuwa likijengwa hapo, kwa hiyo kabla ya kununua tikiti uliza mabasi yanafika wapi msimu wako.

Unamwambia dereva akushushe popote katika eneo lako. Basi likiondoka, kimya kinachobaki ni cha aina yake. Kunywa maji, tazama ramani, angalia mto uko upande gani na jua liko upande gani. Usiondoke hapo mpaka uweze kueleza kwa maneno utarudije.

Kutembea kwenye tundra

Sahau hesabu zako za kilomita. Chini ya nyasi kuna vichuguu vya majani vinavyoyumba ukivikanyaga, na kati yake maji. Saa moja unaweza kupata kilomita moja na nusu, na umejitahidi. Panga kilomita sita hadi nane kwa siku. Changarawe ya kando ya mto ni rahisi zaidi, na migongo ya vilima iliyo mikavu pia. Mahali pa kuogopa ni vichaka vya mierebi, jina unalolijua kutoka kwenye Biblia, inayokua kimo cha mtu kandokando ya vijito. Humo huoni mita tatu mbele, na wanyama wengi wanayapenda majani yake. Kizunguke hata kama ni saa nzima ya ziada.

Msitembee kwa mstari kama mlimani kwetu. Tawanyikeni, kila mmoja na mapito yake, ili msichimbe njia kwenye udongo unaochukua miaka mingi kupona. Ila vichakani na penye ukungu shikamaneni.

Dubu

Denali ina dubu weusi kwenye misitu na grizli kwenye uwazi. Utakayemwona ni grizli: rangi kuanzia majani makavu hadi kahawia, na nundu ya misuli mabegani. Sehemu kubwa ya chakula chake ni mizizi, matunda madogo mekundu na bluberi, na kindi wa ardhini anaowafukua. Ukiona udongo uliochimbwa upya, au kinyesi chenye mbegu kikiwa bado kinang'aa, jua mwenyewe hayuko mbali. Ukiona kunguru wanazunguka mahali pamoja, ondoka: kunaweza kuwa na mzoga, na dubu mwenye mzoga hashirikiani na mtu.

Kazi yako kubwa ni kutomshtua. Wenyeji hupaza sauti wakimtaja dubu ili ajue wanakuja; mimi nasema hodi. "Hodi! Hodi hapa!" kwa sauti nzito, kila tunapokaribia kona, kichaka, au kijito chenye kishindo. Lina vokali wazi, linasafiri, na linasema kile hasa ninachokimaanisha: nyumba hii si yangu. Kengele ndogo za kufunga begini hazisikiki kwa mbali. Tumia sauti yako.

Sheria ya Denali ni mita 275 kati yako na dubu. Ukimwona mbali na yeye hajakuona, rudi taratibu au mzunguke kwa mbali, upande ambao upepo utampelekea harufu yako. Agosti 2012, kando ya mto Toklat, mtembeaji mmoja aliyekuwa peke yake alikaa karibu dakika nane akimpiga picha grizli aliyekuwa chini ya mita mia moja. Dubu yule alimuua. Ndiye mtu wa kwanza kujulikana kuuawa na dubu hifadhini humo tangu ilipoanzishwa mwaka 1917. Miaka 95 bila kifo, kisha dakika nane za kamera. Naliweka hapa kwa sababu ukimwona dubu wako wa kwanza, mkono utakwenda kwenye simu wenyewe. Uzuie.

Akiwa karibu na amekuona, fanya hivi. Simama. Usikimbie kabisa, anakimbia kuliko mtu yeyote, na kukimbia kunamwambia wewe ni windo. Zungumza kwa sauti ya chini, inua mikono taratibu ajue wewe ni mtu, msimame pamoja begani kwa bega. Akisimama kwa miguu miwili anataka kuona vizuri tu. Akigonga meno, akipumua kwa kishindo au akidondosha mate, ameudhika: rudi nyuma kwa mshazari, ukimtazama bila kumkazia macho. Akifuata, simama tena.

Akija mbio, simama palepale. Mara nyingi huishia njiani au hupita kando. Spreyi iwe tayari mkononi, kizuizi kimetolewa. Ipulize akifika kama mita tisa, ukilenga chini kidogo ya uso ili aingie ndani ya wingu. Ibebe kiunoni au kifuani, kamwe si ndani ya begi, na fanya mazoezi ya kuichomoa mpaka mkono uzoee. Usiipulize kwenye hema kama dawa ya mbu. Harufu yake ikikauka inaweza kumvuta.

Grizli aliyeshtuliwa akikugusa, lala kifudifudi, begi mgongoni, mikono imefungwa nyuma ya shingo, miguu imetanuliwa asikugeuze. Nyamaza. Akiendelea kwa muda mrefu, au kama ni dubu mweusi aliyekushambulia, au dubu yeyote aliyekufuata hemani usiku, basi pigana kwa kila ulicho nacho na lenga uso.

Musi

Musi ni kulungu mkubwa kuliko wote duniani, mrefu begani kumzidi farasi wengi, na wageni humdharau kwa sababu anakula majani. Aliyekulia karibu na mbogo hatafanya kosa hilo. Jike mwenye ndama mwishoni mwa Mei na Juni, na dume wa Septemba wakati wa kupandana, ni wa kuogopwa kweli. Masikio yakilala nyuma na nywele za shingo zikisimama, amekwisha kuamua. Hapa kanuni inageuka: musi mkimbie. Tafuta mti au jiwe kubwa, uweke kati yenu. Mita 23 ndio umbali mdogo kabisa kisheria. Mpe mara tatu ya hapo.

Mbwa mwitu wa huko, ambaye si huyu wetu wa madoadoa, huenda usimwone kabisa. Ukibahatika, simama utazame atakavyopita.

Mto

Mito mikubwa ya Denali inatoka kwenye barafu za milimani. Maji yake ni ya kijivu kama ya kuoshea simenti, huoni chini, na joto lake liko nyuzi chache tu juu ya kuganda. Yanafuata saa. Jua la mchana huyeyusha barafu, na mafuriko madogo ya kila siku yanafika bondeni alasiri na jioni. Alfajiri ndipo mto umepungua kuliko wakati wowote.

Tulijifunza hili mimi na binamu yangu kwa masikio. Tulifika ukingoni saa kumi na moja jioni, tumechoka, na upande wa pili palionekana pazuri pa kulala, hatua mia mbili tu. Binamu akaingia hadi magotini. Ndipo tukasikia mlio chini ya maji, kama magunia ya mawe yanaburutwa sakafuni: mto ulikuwa unaviringisha mawe makubwa kuliko vichwa vyetu. Nikamwambia, "Toka, ndugu yangu." Alitoka, na tulikaa kimya kidogo kwa sababu sote tulikuwa na hasira na mto. Tukapiga kambi upande ule ule. Saa kumi na moja asubuhi maji yalikuwa yamefika katikati ya muundi, na tulivuka bila hata kushikana.

Kwa hiyo, kwanza, tafuta mahali mto umetawanyika mikono mingi. Palipo papana ndipo palipo na kina kifupi. Epuka kona, maana ukingo wa nje umechimbwa. Tazama chini ya mkondo: kama ukianguka utapelekwa wapi? Pakiwa na magogo au genge, tafuta pengine. Tupa kijiti majini. Kikikupita ukitembea haraka, fikiri upya. Ukisikia mawe yakiviringika, usivuke.

Buti zisivuliwe, miguu mitupu itakufa ganzi na kuteleza kabla ya nusu ya mto. Fungua mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani, ili ukianguka ulitoe mara moja. Mwenye nguvu zaidi atangulie akitazama mkondo unakotoka, fimbo mbele yake, wengine nyuma wameshika begi lake. Sogeeni kwa upande, kimshazari kuelekea chini, mguu mmoja kwa wakati. Maji yenye kasi yakipita magoti, geuka urudi ungali unaweza kugeuka. Ukichukuliwa, vua begi, lala chali miguu ikielekea chini ya mkondo, pigana kuelekea ukingoni, na usijaribu kusimama mpaka maji yawe mafupi. Mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza.

Mto Teklanika una historia inayofundisha. Christopher McCandless, kijana Mmarekani aliyekwenda kuishi peke yake nyikani, aliuvuka Aprili 1992 ukiwa mdogo. Julai alipotaka kurudi aliukuta umejaa, akarudi kwenye basi bovu alimokuwa anaishi, na Agosti akafa humo. Watu walioisikia habari yake wakaanza kwenda kulitazama basi hilo, na wawili wakazama katika mto ule ule, mmoja 2010, mwingine 2019. Juni 2020 helikopta ya jeshi ikaliondoa. Mto unaouvuka kwenda ni lazima uuvuke kurudi, na hautakuwa ule ule.

Kambi

Hema liwe angalau mita 800 kutoka barabarani na lisionekane kutoka hapo. Chagua changarawe iliyoinuka, penye upepo kidogo wa kufukuza mbu, mbali na mapito ya wanyama. Pikia na kulia umbali wa mita 90 kutoka hema, na pipa la chakula likae mahali pa tatu, mita 90 pia. Usilale na nguo ulizopikia samaki wa kopo.

Maji ya kijivu yaache usiku kucha kwenye sufuria yatuame, kisha uyachuje au uyachemshe dakika moja. Ukichuja moja kwa moja kichujio kitaziba siku ya kwanza. Choo ni shimo la sentimita 15, mita 60 kutoka majini, na karatasi unaondoka nayo.

Baridi ikiingia mwilini

Haihitaji theluji. Nyuzi 8, mvua na upepo vinatosha. Angalia mwenzako, maana yeye hatajijua: anajikwaa, anaangusha vitu, ulimi unaburuta, anakuwa mkali bila sababu au anasema yuko sawa mno. Mwambie agusanishe kidole cha mwisho na gumba, au afunge zipu. Akishindwa, safari ya siku hiyo imekwisha. Pigeni hema hapo hapo, mvue nguo zote zilizolowa, mvike zile kavu, mwingize kwenye mfuko wa kulalia. Akiwa anajitambua na anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, bonyeza kitufe cha setilaiti.

Kurudi

Fika barabarani mapema, ukae mahali dereva atakuona kwa mbali, upunge mkono. Basi likijaa litapita, utasubiri jingine, saa moja au zaidi. Bakiza chakula cha kusubiria. Rudisha pipa, waeleze askari ulichoona, hasa dubu aliyekufuata au mto uliobadilika, kwa sababu kesho watamwambia mwingine. Kisha mtumie ujumbe yule uliyemwachia ratiba yako nyumbani. Kama hukumwachia mtu ratiba, na saa ambayo akiona kimya apige simu hifadhini, basi hukuwa tayari kupanda lile basi la kwanza.